Sare Nyuma ya Mlango

Kila asubuhi, kabla ya kufagia ua na kujaza ndoo mbili za maji, nilimsalimia dada yangu.

"Shikamoo, dada," nilinong'ona.

Hakuitika. Iliyoning'inia nyuma ya mlango wa chumba chetu ilikuwa sare yake tu, sare nyeupe ya uuguzi yenye mkanda wa bluu. Lakini mlango ule ulikuwa mwepesi. Ukiusukuma, sare iliinama kidogo, kama mtu anayekubali jambo.

Dada alisoma chuo cha uuguzi muhula mmoja tu, kisha akaugua kifua na kufariki. Miaka miwili ilikuwa imepita. Sare haikuvaliwa tena na mtu, haikukunjika, lakini kila Jumapili mama aliishusha, akaipiga pasi, akairudisha kwenye msumari wake.

Mimi nilikuwa darasa la saba. Shuleni waliniita Masikio, si kwa ukubwa wake, bali kwa sababu nilisikia mambo ambayo wenzangu hawakuyasikia: bomba linalovuja nyuma ya choo, au feni ya ofisini inayokaribia kuharibika. Cherehani ya mama ikianza kukwaruza, nilijua pa kutia mafuta kabla hajaniita.

Jumatatu moja mwalimu wa ushauri alitugawia fomu yenye mistari mitatu: kazi ninayoitaka, sababu ya kuitaka, na njia ya kuifikia.

"Sitaki mniandikie mlichoota," alisema. "Jumamosi nenda ukashinde na mtu anayefanya kazi hiyo. Mwone akichoka. Mwulize alisoma nini, na nini kinamuudhi. Jumatatu ijayo nataka fomu yenye sahihi ya mzazi."

"Mimi rubani!" alisema jirani yangu wa dawati.

"Wewe?" nikamwambia. "Juzi si ulipanda ngazi kufuta dirisha, ukashushwa na watu wawili?"

"Ndege ina mkanda, ngazi haina."

Darasa zima likacheka, hata mwalimu.

Nyumbani mama aliisoma fomu akiwa amesimama. "Mbona rahisi? Andika muuguzi. Sare ipo tayari."

Nilitazama mlango. Upepo ulipita, na sare ikainama.

Jumamosi nilikwenda kituo cha afya alikolazwa dada siku zake za mwisho. Muuguzi mkuu, rafiki yake mama, alinishika bega.

"Kumbe umefanana hivi na dada yako," alisema, akanitazama kwa muda. Wengi pale walinitazama hivyohivyo, kana kwamba walimtafuta mtu mwingine nyuma yangu.

Nilikunja bandeji, nikapanga kadi, nikaosha trei. Kisha nikaambiwa nimshike mtoto mkono achomwe sindano. Mtoto akalia. Nami nikalia, tena kwa sauti kumzidi.

"Haya, niambieni," akasema muuguzi, "mgonjwa wangu ni yupi?"

Mama wa mtoto alicheka mpaka akajifuta machozi. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Muuguzi akanionea huruma, akanipeleka chumba cha chanjo nikapumzike.

Chumba kilikuwa kimya, isipokuwa friji kubwa iliyosimama pembeni. Iliunguruma, ikakwama, ikaunguruma tena, kama mtu anayetafuta pumzi. Dada alipumua hivyo.

"Sista," niliita, "friji hii inapumua vibaya."

"Friji inapumua? Kanywe maji, mwanangu." Lakini alipotazama kipimajoto kilichokuwa mlangoni mwa friji, aliacha kutabasamu. Joto lilikuwa limeanza kupanda, na mle ndani mlikuwa na chanjo za watoto za mwezi mzima. Alitoka mbio kumpigia simu fundi.

Fundi alikuwa mama mfupi, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vifaa vya hospitali. Hakuuliza mengi. Aliweka sikio kwenye ubavu wa friji, akasikiliza, kisha akanigeukia.

"Nani aliyeisikia kwanza?"

"Mimi, shikamoo."

"Marahaba. Shika tochi."

Alichomoa waya wa umeme, akafungua bamba la nyuma. Ndani, vumbi lilikuwa limeganda kama blanketi, na mjusi aliyekauka alikuwa amenasa kwenye feni.

"Huyu naye alitafuta kazi bila kuuliza," alisema fundi, akamtoa kwa koleo. Alinipa brashi. Nilisafisha taratibu. Alipoiwasha tena, friji ikaanza kuunguruma kwa sauti moja, nzima, isiyokatika. Mikono yangu ilikuwa myeusi mpaka viwiko. Sikuwa nimefurahi hivyo tangu dada alipofariki, na jambo hilo likaniogopesha.

Nilimuuliza yote aliyotuagiza mwalimu. Alisema alimaliza sekondari akishikilia hesabu na fizikia, akasoma chuo cha ufundi miaka mitatu, na mwaka wa kwanza kazini alibeba mkoba wa wenzake tu.

"Na kinachokuudhi?"

"Kuitwa wakati nimeshika kijiko mkononi. Na wale wanaoniambia, 'Mama, fundi mwenyewe yuko wapi?'"

Niliporudi, mama alikuwa ananisubiri mlangoni. "Umeionaje kazi?"

"Nimeipenda sana, mama." Sikusema ni ipi. Nilikaa mezani nikaandika: Muuguzi. Uso wa mama ukang'aa, nami nikaifunika fomu kwa daftari.

Kesho yake mchana, baada ya kupiga pasi, mama hakuirudisha sare kwenye msumari. Alinivalisha. Mikono ya sare ilipita vidole vyangu. Alinifunga mkanda, akanisimamisha mbele ya kioo, na aliyenitazama kutoka mle hakuwa mimi. Ilikuwa pua ya dada, shingo yake, na ule mkanda wa bluu.

"Umerudi, mwanangu," mama alinong'ona, akamtaja dada kwa jina lake la utotoni.

Nilisubiri yule wa kwenye kioo aitike. Hakuitika.

"Mama, mimi si yeye," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, kisha yote yakamwagika: sindano, machozi, friji, mjusi, fundi, na uongo niliouandika. "Nisamehe. Nikivaa hii nitakuwa namwigiza dada maisha yangu yote, na wagonjwa watapata muuguzi anayetamani kukimbia."

Mama alikaa kitandani. Pasi ilikuwa ikipoa pembeni.

"Siku alipozidiwa," alisema, "mashine ya kumsaidia kupumua ilikuwepo pale ukumbini. Niliiona kwa macho yangu. Ilibandikwa karatasi: MBOVU. Wauguzi walikuwa watatu. Walihangaika, wakalia pamoja nami. Siku zote nimekuwa nikisema, mwanangu mwingine awe muuguzi, asife mtu tena. Kumbe hata siku ile hawakukosekana wauguzi."

Nilipiga magoti mbele yake. Alinifungua mkanda, akaikunja sare polepole, akaiweka mapajani.

"Lete fomu."

Nilifuta neno lile, nikaandika: Fundi wa vifaa vya hospitali. Kwenye mstari wa tatu nikaandika hesabu, fizikia, chuo cha ufundi, na kwamba fundi ameniruhusu kwenda kwake kila likizo. Mama alisoma hadi mwisho, kisha akaweka sahihi.

"Nisikilize," alisema. "Nguo ya kuazima haisitiri, hata ikiazimwa kwa ndugu. Mtu ajijue kwanza anaweza nini na anapenda nini. Kisha aende akaione kazi yenyewe, na utamu wake na uchungu wake, aulize njia, aanze kutembea. Na asimfiche mzazi. Mzazi naye akumbuke kwamba mtoto aliyebaki ni mtu mwingine."

Wiki iliyofuata tulipeleka sare chuoni, tukampa mwanafunzi mmoja ambaye hakuwa na ya pili. Ilimkaa sawasawa.

Msumari bado upo. Asubuhi nikiusukuma mlango, hakuna kinachoinama. Hata hivyo huwa nasimama kidogo, namsalimia dada, nasikiliza. Kisha nachukua ndoo zangu.