Kiraka cha Saa Kumi

Kompyuta ya masjala, katika hospitali ndogo ya misheni nje ya Bungoma, ilianza kulia mwaka 2008. Nakhungu, karani, akaifanyia vile wanavyofanyiwa watoto wa kwao wanaolia bila kukoma: akaitajia majina ya wafu, moja moja. Alipofika kwa Wabwile, fundi aliyeandika programu yake na kufariki mwaka uliotangulia, ikanyamaza. Yeye na wenzake wakaibatiza jina hilo, wakacheka. Mzaha mwingine haufai kabisa.

Programu yenyewe ilikuwa imeoza kitambo. Miaka saba kila wodi mpya ilibandikwa juu ya kazi ya zamani, kiraka juu ya kiraka, maana kila mara kulikuwa na haraka, na sehemu ya Wabwile, inayowapa wagonjwa namba, hakuna aliyethubutu kuigusa. Baada ya ubatizo ule ikaanza kuwaandika walio hai kuwa marehemu, pamoja na saa ya kufa. Iliandika watatu, na kila mmoja alikufa saa ileile aliyoandikiwa.

Wa nne alikuwa Nasambu, binti wa Nakhungu, aliyejifungua asubuhi hiyo. Yeye aliandikiwa saa kumi alasiri.

Chemutai, fundi kutoka Kitale, alifika saa kumi kasorobo, na alipoifungua sehemu ya Wabwile chumba kikanuka udongo mbichi, na mistari ikaanza kujiandika yenyewe, polepole, kama mzee anayechapa kwa kidole kimoja.

"Mama Nasambu," alinong'ona, "hii si ya kubandika tena. Nitenganishe kila sehemu, niijaribu, ndio nitoe ya marehemu. Nikiing'oa sasa itaandika wodi mzima. Nipe siku mbili."

"Siku mbili natoa wapi? Si ubadilishe jina tu?"

"Hiyo ni kiraka ingine."

"Weka."

"Jina ya nani?"

Nakhungu alivuta kibodi, akafuta jina la bintiye huku pumzi ya mtu asiyeonekana ikimpata shingoni, akaandika lake mwenyewe.

Saa kumi Nasambu alifumbua macho akaomba uji. Nesi akaja mbio masjala kumwita mama yake, akamkuta Chemutai ameushika mkono wa Nakhungu uliokwisha poa.