Springi Nne za Breki

Fundi alichomoa tairi la mbele la kushoto, akachungulia breki, kisha akaukatiza mluzi aliokuwa akipiga. Akafungua na la kulia. Ndipo akasema, "Springi hazipo. Zote nne."

Ilikuwa asubuhi na gereji imejaa wateja. Pikapu ile kuukuu ilikuwa ya baba mkwe wake, na tangu juzi magurudumu yake ya mbele yalilia kama vijiko vinavyotikiswa sufuriani. Pedi za breki zilikuwa mpya, fundi mwenyewe alizifunga wiki iliyopita. Springi ndizo huzibana zisicheze.

"Hazipo vipi?" akafoka baba mkwe. "Nani mwingine kagusa gari langu? Pedi umefunga, springi umeniibia! Kumbe nimemwoza binti yangu kwa mwizi!"

Alifoka amegeukia mlangoni, palipotundikwa ovaroli la bluu. Hata uso wa mkwe wake hakuutazama. Wateja wawili wakakohoa, wakachukua funguo zao, wakaondoka.

Mke wa fundi alikuwa kwenye kaunta ya vipuri. Huku baba, huku mume. Walipobaki wawili, wakila chakula cha mchana, akauliza, "Lakini kweli hukuzisahau, mume wangu?"

Fundi akasukuma sahani yake. "Hata wewe?"

Maneno mawili tu, lakini mwanamke yule alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaapa kumtafuta mwizi mwenyewe.

Alianza na gari. Mumewe aliliendesha polepole kwenye njia ya mashimo, yeye akiwa pembeni ametega sikio. Ngo-ngo-ngo. Mguu ukigusa breki, kimya. Ukiachia, ngo-ngo-ngo. Pedi zilikuwa zinacheza, basi. Akainama kuangalia. Pini zinazoshikilia pedi zisianguke zilikuwepo, zimerudishwa barabara. Hata vifuniko vya magurudumu vilikuwa vimefutwa vumbi.

Mwizi gani huyu, anaacha pedi zenye bei na kubeba springi?

Akamwendea fundi wa gereji ya jirani, aliyeitwa Koleo, mtu ambaye wateja waliokimbia walikuwa wamehamia kwake.

"Shemeji umekuja kunikamata?" Koleo akacheka. "Ningetaka kumharibia mumeo ningeng'oa pini, breki zife. Springi za nini? Aliyefanya hivi alitaka kelele tu."

"Springi hutolewa kwa koleo. Nani ametumia koleo lako karibuni?"

"Baba yako. Jumamosi aliazima kwangu lile la mdomo mrefu. Kulirudisha, akaniwekea hewani! Mkono wangu huku, koleo kule, likaniangukia kidole cha mguu. Nikasema mzee ananichokoza."

Mke wa fundi hakucheka.

Alikwenda kwa baba yake bila kupiga hodi, akasimama mlangoni, jua limemmulika.

"Nani?" akauliza baba.

Hakujibu.

"Nani hapo?"

"Mimi, baba. Nimevaa kilemba cha rangi gani?"

Mzee akakodoa macho kuelekea mlangoni. Mezani kulikuwa na kasha lake la miwani. Binti akalinyanyua, likalia ngo. Ndani hamkuwa na miwani. Mlikuwa na springi nne, zimefungwa kwa kitambaa kilicholegea.

"Miwani haisaidii tena," baba akasema taratibu. "Ni ukungu mtupu, mwanangu. Majuzi nilimkosakosa mtoto kwenye baiskeli. Nilijua yupo kwa kusikia mama yake akipiga yowe."

"Si ungesema!"

"Niseme nini, mimi niliyefundisha nusu ya mtaa huu kuendesha? Nilitaka mumeo aseme gari limechoka, ili niliegeshe kwa heshima. Springi nilizitoa kwa kupapasa. Pini nikarudisha, sikutaka kuua mtu. Kumbe yeye akafungua, akaona. Watu wananisikiliza... ulimi ukanitangulia."

"Ukamwita mwizi."

"Nikamwita mwizi." Akainamisha kichwa. "Nilimchafua mbele za watu. Nitamsafisha mbele za watu."

Jioni ile binti aliweka kasha mbele ya mumewe na kumweleza yote. "Na mimi nilikuuliza lile swali," akamaliza, macho chini.

Fundi alizigeuza springi kiganjani. "Uliniuliza," akasema. Akazirudisha kashani moja moja.

Kesho yake gereji ilijaa tena. Koleo naye alikuja, maana umbea hauna kwao. Baba alifika kwa miguu, ameshika bega la binti yake. Mlangoni akaliachia.

"Watu wapo?"

"Wapo, baba."

Akavua kofia. "Mkwe wangu," akasema kwa sauti, "mwizi wa springi ni mimi. Macho yangu yamekwisha, nikaona aibu kusema, nikakutwisha wewe aibu hiyo. Nisamehe, mwanangu."

Alikuwa akilisemesha ovaroli la bluu kwenye msumari.

Koleo alianza kucheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Mke wa fundi akaziba mdomo. Baba akangoja jibu, kofia mkononi.

Fundi aliweka spana chini bila kuigonga. Akanyata, akajipenyeza akasimama kati ya mzee na ovaroli.

"Nimekusikia, baba," akasema. "Nipo hapa hapa."

Mzee akashusha pumzi. Akatoa ufunguo wa pikapu mfukoni, akaunyoosha pembeni, hewani, akauachia.

Ulitua kwenye kiganja cha mkwe wake, kilichokuwa kimekwisha kutangulia kuungoja.