Aliyemjibu Kurumbiza

Usiponiamini, sawa. Wengi hawajaniamini na wanaendelea vizuri tu, wanakula, wanalala, wanakoroma. Ila nakuomba kitu kimoja. Ukimaliza kusoma, subiri giza lianze kuingia, kaa dirishani, upige mluzi. Si huamini? Basi piga. Ndege akikujibu, usije kunitafuta.

Najua unawaza bundi. Kila mtu huwaza bundi. Bundi akitua juu ya paa, mtaa mzima unakosa usingizi, na baba mtu mzima anatoka na kaptula kumrushia mawe. Kunguru akilia uani, mnaanza kuulizana ni mgeni gani anakuja na kama chakula kitatosha. Hao tunawaonea bure. Wa kuogopa ni yule mnayempenda, mnayemwekea makombo dirishani. Kurumbiza. Kifua rangi ya chungwa, mstari mweupe juu ya jicho, sauti ambayo jua likizama inamfanya mtu aache kuosha vyombo asikilize.

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi dari. Mtaa mzima unamwita Fundi, na dada naye hivyo hivyo. Mdomo wake ulikuwa na kazi mbili: ukijaa misumari ulinyamaza, ukiwa mtupu ulipiga mluzi. Na mluzi wake ulikuwa mmoja tu. Chini, chini, pumzi kidogo katikati, kisha unapanda mrefu na kuachwa hewani kama swali. Kila jioni aliupiga akikaribia geti, na binti yake, tuliyempachika jina la Chiriku kwa sababu hanyamazi hata akila, alitoka mbio kumfungulia. Ole wake mtu mwingine afungue. Dada alijaribu siku moja, mtoto akalia mpaka akatapika.

Jioni hiyo Fundi alikuwa amebakiza ubao mmoja wa dari kwa mama mmoja mjane, kwenye nyumba yenye mti ulioegemea dirisha. Tangu anaanza kazi, yule mama alikuwa amemwambia awashe redio akitaka, agonge atakavyo, ila asipige mluzi. Alilisema kama mtu anayekuonyesha swichi ya taa ilipo. Fundi akadhani ni heshima ya msiba. Akakubali. Kukubali si kazi.

Chumbani alikaa kijana wa yule mama, mtu mzima wa ndevu, kwenye kiti cha plastiki, uso dirishani. Fundi alimsalimia, hakujibiwa. Alimpitishia ngazi mbele ya pua, jamaa hakupepesa. Fundi akajisemea huyu atakuwa amesoma sana.

Akapanda. Ubao ukaingia, misumari ikaisha mdomoni.

Kukawa kimya.

Halafu nje, mtini, mtu akapiga mluzi.

Ulikuwa mluzi wa mzee. Wa taratibu, unaokwaruza mwishoni kama wa mtu mwenye pengo. Fundi akachungulia. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na kurumbiza, mdogo, kifua kinapanda na kushuka, na mluzi wa mzee unatoka ndani yake.

Fundi akacheka. Akauiga ule mluzi, pengo na kila kitu. Ndege akanyamaza, akainamisha kichwa. Sasa wewe mpe fundi mtazamaji uone. Juu ya ngazi, mikono kiunoni, akampigia wa kwake. Chini, chini, pumzi, halafu ule mrefu.

Chumba kikanuka manyoya yaliyolowa...

Ndege akaurudisha. Haukupungua hata kidogo. Hata ile pumzi ya katikati aliivuta.

Kwenye kiti cha plastiki, kijana aligeuza shingo, polepole, akamtazama Fundi kama mtu aliyeamshwa kwenye basi na hajui amefika wapi. Akaomba maji.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale sakafuni, kwenye vumbi la dari, kama mtu anayetua mzigo.

"Umemjibu," alisema.

"Nimemjibu nani, mama?"

"Pole, fundi." Alimtazama mwanawe, kisha akamtazama tena Fundi. "Na asante."

Fundi alikusanya vifaa akaondoka. Njiani alijiambia msiba umemvuruga yule mama. Alipokaribia geti lake akakunja midomo kama kawaida.

Ikatoka hewa.

Akalamba midomo, akajaribu tena. Hewa. Ni kama kupuliza chai. Akagonga geti kama mgeni. Dada ndiye aliyemfungulia, amembeba Chiriku kiunoni, mtoto hana kiatu kimoja. Fundi akauliza wametoka wapi. Dada akasema yeye Fundi ndiye wa kuulizwa, maana mtoto amemkuta nje, amevuka barabara peke yake.

"Baba," Chiriku alimwambia, bila hasira, "mbona umeniita halafu ukawa unaenda?"

Kuanzia hapo ilikuwa kila jioni. Jua likishuka, ng'ambo ya barabara, ule mluzi. Fundi yuko sebuleni, midomo imefumbwa, na mluzi wake unapigwa nje. Walifunga geti kwa mnyororo, mtoto akapanda ukuta. Walifunga mlango, akaukwaruza mpaka kucha zikavuja damu. Walimziba masikio kwa pamba, akawaambia bado anasikia, kwa upole, kama anawaonea huruma. Baadaye hakukwaruza tena. Wala hakuongea. Alikaa dirishani, sahani mapajani, chakula kinapoa. Dada alimsuka nywele akiwa pale pale, akazifumua, akasuka tena. Nyumba ile ilikuwa haina ugomvi wala kilio. Watu walipishana humo kama kwenye korido ya hospitali.

Fundi alimrushia ndege mawe. Alitega mtego. Hakumpata. Mwishoni akarudi kwa yule mama.

Mama alimweleza akiwa anachambua mchele, bila kuinua macho. Marehemu mume wake ndiye aliyemzoesha yule ndege. Alimwekea makombo, akampigia mluzi, ndege akajibu, majirani wakawa wanakuja kusikiliza na kucheka. Siku mzee aliposhindwa kupiga mluzi, walidhani ni meno. Mzee akafa. Mluzi haukufa. Jioni moja ulimwita kijana wao na yeye akaufuata. Walimkuta asubuhi chini ya mti, mzima, hana jeraha, mdomo wazi, akisubiri. Akasubiri hivyo mpaka Fundi alipojibu.

Kile ni kitu gani, Fundi aliuliza. Mama akasema hajui. Anachojua ni kwamba hubeba mluzi wa mtu mmoja tu.

"Wako atauacha akipata wa mwingine," alisema. "Lakini huyo mwingine ajibu mwenyewe. Kwa kupenda kwake. Wewe nilikukataza, ukajibu."

Ndani, kijana wake alikuwa ananyoa ndevu na kulalamikia wembe.

Fundi akarudi nyumbani. Na jioni moja, si baada ya muda mrefu, mluzi ulikatika ghafla ng'ambo ya barabara. Chiriku alitazama sahani yake, akauliza nani ameweka vitunguu, na kwa nini, na nani alisema yeye anapenda vitunguu, akaendelea hivyo mpaka akalala. Dada aliingia bafuni, akafungua bomba, akakaa huko. Kesho yake Fundi alipiga mluzi getini. Majirani wanasema ndege aliliwa na paka.

Huwa naishia hapo. Watu wanasema hadithi nzuri, wananinunulia soda.

Kuna kipande nimekiruka.

Paka hakula kitu. Jioni ile Fundi alikuja chumbani kwangu, yeye ambaye hakuwahi kuja hata nilipougua. Alikaa kwenye ndoo, akanisifia. Aliniambia kuna ndege kule kwake anapiga mluzi kuliko binadamu yeyote, na kwamba amemsikiliza, na mimi simuwezi.

Mimi. Niliyeacha shule na kubaki na mdomo tu. Mimi niliyekuwa napiga mluzi wa kusimamisha bodaboda tatu kwa mpigo.

Wakati huo sikujua lolote, wala la mjane wala la kijana. Niliambiwa tu mtoto anaumwa. Nikamwambia twende.

Tulisimama ng'ambo ya barabara, chini ya waya wa umeme. Alinishika bega. Ndege akapiga ule mluzi wa Fundi, na mimi nikacheka, nikasema kumbe umemfundisha. Nikapiga wa kwangu. Sijawahi kupiga vizuri hivyo maishani. Ndege akainamisha kichwa, nikasikia harufu ya kuku aliyenyeshewa, na mkono ukatoka begani kwangu. Nilipogeuka, Fundi alikuwa ameshaingia kwake na kufunga geti.

Alikuja kunieleza yote baadaye, macho kwenye viatu vyake. Sikugombana naye. Nilimuuliza tu, kati ya watu wote, kwa nini mimi.

"Shemeji," aliniambia, "nilitafuta mtu ambaye mluzi wake haumtoi mtu ndani."

Hesabu yake ilikuwa nzuri. Sina mke, sina mtoto, na dada ana nyumba yake. Jioni mluzi wangu unapita mtaani, unapita dirisha hadi dirisha, watu wanaendelea kupika. Nausikia kutoka kitandani. Siku za kwanza ulikuwa mbali.

Juzi ulifika mlangoni kwangu. Nilipojitambua nilikuwa nje, nimeshavuka barabara, peku, na nilikuwa nimefurahi.