Betri Iliyovimba

Kila siku akirudi kutoka shule, Nukta alianza kwa kumpa mjomba wake maji. Alimshikia kikombe chenye mrija, akangoja anywe taratibu, kisha akamfuta kidevu. Jina la Nukta alipewa na huyohuyo mjomba, maana alizaliwa mdogo mno, na hata sasa, akiwa na miaka kumi na mitatu, hakuna aliyekuwa mfupi kama yeye darasani.

Mjomba alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba. Miaka miwili iliyopita alianguka kutoka ghorofa ya pili ya jengo alilokuwa akilikagua, akavunjika uti wa mgongo karibu na shingo. Tangu hapo kichwa tu ndicho kilichomtii. Kuanzia chini ya mabega hakuhisi kitu, si joto wala baridi, si kidole wala mwiba. Mama yake Nukta, ambaye ni dada mkubwa wa Mjomba, alimchukua akaishi nao. Alimwogesha kila asubuhi, akamkalisha kwenye kiti cha magurudumu kando ya dirisha, ndipo akaenda kwenye cherehani yake.

"Nimebaki kichwa cha habari," Mjomba alipenda kusema. "Habari yenyewe hamna."

Watu walicheka. Nukta naye alicheka, lakini alikuwa amemwona mara nyingi akiitazama kompyuta yake ya zamani iliyojaa vumbi mezani.

Fundi redio wa mtaa wao ndiye aliyemwambia Nukta kwamba kompyuta inaweza kuongozwa kwa kichwa. Alitoa taa tatu ndogo kama punje za mahindi kwenye rimoti mbovu. "Mwanga wa hizi jicho la mtu haliuoni," alisema, "lakini kamera inauona." Wakazishonea taa zile kwenye kofia. Wakafungua kamera ndogo ya kompyuta, wakatoa kioo kinachozuia mwanga huo, wakaweka mahali pake kipande cheusi cha filamu ya picha za zamani, ili kamera isione kitu kingine ila taa tatu tu. Mjomba akigeuza kichwa, taa zingegeuka, na mshale wa kompyuta ungezifuata.

"Umeme tutautoa kwenye kompyuta kwa waya," fundi alisema, "na kila taa tutaiwekea rizista, kidude cha kupunguza nguvu ya umeme. Waya mrefu nitaupata Jumatatu. Ngoja."

"Na hizi je?" Nukta alionyesha kopo lililojaa betri za simu.

"Hizo zimevimba. Betri ikivimba ni ya kutupwa. Usiiguse."

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na Jumatatu ilionekana mbali kama mwakani. Mteja alipoingia na fundi akageuka kumsikiliza, Nukta alichukua betri moja akaitia mfukoni mwa sketi.

Jumamosi mchana, mama akiwa kazini, alimvika Mjomba kofia, akaunganisha waya, akaitumbukiza betri katika mfuko wa shati lake, kifuani.

"Betri kakupa fundi?" Mjomba aliuliza.

"Ndiyo, mjomba." Jibu lilimtoka upesi kuliko alivyotaka.

Mshale ulisogea. Mjomba aligeuza kichwa kushoto, ukaenda kushoto. Aliinua kidevu, ukapanda. Kisha akachora mstari, umepinda kama njia ya siafu, akautazama kana kwamba ni ukuta wa nyumba yake mwenyewe.

Ilipita karibu saa nzima ndipo Nukta aliposikia harufu ya plastiki inayoungua. Aliugusa mfuko wa shati, akarudisha mkono haraka. Ulikuwa wa moto kama sufuria iliyo jikoni. Aliichomoa betri kwa pindo la sketi, akakimbia kuitupa uani kwenye saruji, nayo ikafoka moshi mweupe.

"Kuna nini?" Mjomba aliuliza.

"Betri imeisha tu, mjomba."

Alifungua kifungo cha shati. Kifuani palikuwa na doa jekundu la ukubwa wa kifuniko cha chupa, na katikati ngozi ilianza kuinuka malengelenge. Mjomba hakutazama chini. Alikuwa bado anautabasamia mstari wake.

Nukta akakifunga kile kifungo.

Jioni mama alirudi amechoka, hakuuliza kitu. Usiku Nukta hakupata usingizi. Asubuhi ya Jumapili aliwahi kuamka. "Mama, leo nitamwosha mimi. Wewe pumzika."

"Ubarikiwe, mwanangu," mama alisema, na maneno hayo yakamchoma. Lengelenge lilikuwa limepasuka. Nukta alipangusa pembezoni, akamvisha shati safi, akajiambia kwamba kidonda kitapona chenyewe.

Kabla ya saa sita mchana Mjomba aliita. "Dada, kichwa kinanigonga." Uso wake ulikuwa mwekundu, jasho likimtiririka hadi machoni, na huku mikono yake ilikuwa baridi, vinyweleo vimesimama.

Mama alibadilika rangi. Muuguzi wa zahanati alishawafundisha: mwili wa Mjomba ukiumia mahali asipohisi, utalia kwa njia nyingine. Kichwa kitagonga, uso utatoka jasho. Msingoje, alisema, tafuteni kinachomuumiza kabla presha haijapanda ikamwua.

Mama alimkalisha wima, akamvua viatu, akakagua kila kidole. Akakagua mrija wa mkojo kama umekunjika. Akapapasa chini ya mapaja kutafuta mkunjo wa nguo. "Hakuna kitu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia. "Ni nini basi? Ni nini?"

Nukta alisimama mlangoni. Akisema, mama atajua ameiba na amedanganya. Mjomba atajua. Kofia itatupwa. Aliyawaza hayo yote huku akiyaona magoti ya mama sakafuni, na mikono yake ikitafuta pasipo na kitu.

"Naona nyota," Mjomba alisema polepole, akafumba macho.

"Ni kifuani," Nukta alisema.

Mama hakusikia. Ikambidi aseme tena. "Mama, ni kifuani. Betri ilimwunguza jana. Nilificha."

Mama alilivuta shati hadi vifungo vikaruka. Alikitazama kidonda, akamtazama Nukta. Kofi lingekuwa afadhali. Kisha akatoka mbio kumwita jirani mwenye gari.

Kwenye zahanati Nukta alikaa nje kwenye benchi, akisikiliza kifaa cha kupimia presha kikijazwa upepo na kupungua, kikijazwa na kupungua. Kila kilipojazwa aliwaza, nimemwua mjomba wangu.

Mwishowe muuguzi alitoka, akachuchumaa mbele yake. "Presha imeshuka. Wewe ndiye uliyesema ni kifuani?"

Nukta alitikisa kichwa kukubali.

"Umetuokolea muda. Lakini muda huo ulikuwa nao tangu jana, na jana kidonda kilikuwa kidogo. Ungechelewa kidogo leo, mshipa wa kichwani ungeweza kupasuka."

Jumatatu alikwenda mwenyewe kwa fundi redio akamweleza yote. Fundi aliweka chini chuma chake cha kulehemu. "Ungeweza kuchoma nyumba nzima," alisema. "Na mimi nilikosea kuliacha kopo lile wazi." Siku hiyohiyo alilifunga na kuliondoa dukani, kisha akatengeneza waya mrefu wenye rizista tatu.

Kidonda kilichukua wiki tano kufunga. Kilipofunga, Mjomba akaiulizia kofia.

"Sitaki tena, mjomba," Nukta alisema. "Naogopa."

"Hata mimi naogopa. Njoo ukae hapa." Nukta akavuta kigoda. Mama aliacha kukunja nguo akasikiliza. "Mtu mwingine akiungua, ngozi yake inampigia kelele. Mimi sina ngozi ya kunipigia kelele. Ngozi yangu ni wewe na mama yako. Kuharibu kitu ni jambo la kila fundi. Nami nimeharibu ramani nyingi. Lakini ukiona naungua ukanyamaza, umeniachia moto nisioujua. Siku nyingine ukikosea, sema palepale, hata kama sauti inatetemeka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mjomba. Nisamehe."

"Nilishakusamehe kule zahanati. Sasa nivalishe, ule ukuta wangu umepinda."

Nukta alimvika kofia, akachomeka waya kwenye kompyuta, akaugusa mahali pamoja baada ya pengine kote ulipopita kuhakikisha hauna joto, huku mama naye akiugusa baada yake.