Mkanda wa Bibi Dafroza

Bibi Dafroza wa Kamuli alikuwa akichuma kahawa simu ilipolia. Binti yake Renatha, aliyeolewa Nyakatuntu, alikuwa amejifungua mtoto wa kike baada ya miaka tisa ya kungoja. Bibi alikaa chini palepale penye majani ya migomba, akalia kwa furaha. Jumapili ya wiki iliyofuata mtoto angetolewa nje, na bibi mzaa mama ndiye angempakata kwanza.

Alichemsha kahawa ya kutafuna ya kwenda nayo, akaianika, akaifunga vizuri kwa gome la mgomba. Kila jioni alimuuliza mumewe, mzee Byabato, mtoto atakuwa amefanana na nani. Mzee alisema kama amefanana na yeye, basi wamwombee.

Jumanne ya wiki ile ya kumtoa mtoto nje, ubavu wa kushoto ulianza kumwasha na kumchoma kama pilipili. Yakatoka malengelenge, mstari mmoja kutoka mgongoni hadi chini ya titi. Mzee akautambua mkanda wa jeshi. Naye, kama sisi wengi tunaojua kila kitu, alisema mkanda ukizunguka mwili ukakutana, mtu hufa. Akasokota kamba ya mgomba, akamfunga mkewe kifuani ili kuuzibia njia. Kamba ikakwaruza malengelenge, mengine yakapasuka. Bibi alivumilia, maana alitaka kupona kabla ya Jumapili.

Kesho yake alipita Salvina, mhudumu wa afya wa kitongoji. Alimwona bibi anatembea ameinamia upande. Baada ya shikamoo aliomba kuona, akaifungua kamba polepole.

Alieleza kwamba mkanda kwa kawaida hushika upande mmoja tu, na hata ukikutana si kifo. Huletwa na kirusi cha tetekuwanga. Mtu akipona tetekuwanga, kirusi hubaki kimelala mwilini. Kinga ikipungua kwa uzee au ugonjwa, huamka. Dawa ipo, na inafaa ianzwe ndani ya siku tatu.

"Na Jumapili, mtoto wa Renatha akitolewa nje?" bibi aliuliza.

Salvina naye akauliza, "Renatha aliwahi kuugua tetekuwanga?"

"Hapana."

"Basi usiende, mama. Maji ya malengelenge haya yanaweza kumwambukiza yeye na mtoto. Kwa mtoto mchanga ni hatari. Ngoja yote yakauke, yawe magamba."

Siku hiyohiyo mzee alimpeleka zahanati. Bibi alipewa dawa, akapimwa na VVU, kwa kuwa mkanda unaweza kuwa dalili ya kinga kushuka. Hakuwa navyo. Nyumbani alifunika vidonda kwa kitambaa safi kisichobana, akanawa mikono kila alipovigusa. Kamba ya mgomba mzee aliitupa kwenye moto wa jikoni.

Jumapili bibi alikaa mlangoni na simu sikioni. Alisikia vigelegele vya Nyakatuntu. Alimsikia bibi mzaa baba akimwimbia mtoto. Tusidanganyane, wivu ulimuuma kuliko ubavu.

Wiki ya tatu Salvina alimkagua, akakuta ngozi imekauka kabisa. Bibi alichukua kahawa yake, akaenda. Renatha alimlaza mtoto mikononi mwake, upande uleule wa kushoto. Maumivu yalikuwa bado yapo kidogo, lakini hakumhamisha.

"Nimechelewa, mjukuu wangu," alimwambia. "Nilitaka nikukute mzima, nikuache mzima."