Nyumba ya Vitambaa Vyeupe

"Kitambaa cheupe tupu, jora zima?" Fundi mapazia alimtazama mteja wake kuanzia viatu hadi nywele. "Kaka, unazika kijiji?"

Duka lilikuwa limefurika watu wa Jumamosi, na wote wakacheka. Kijana mwenye shati la drafti na kamera shingoni akashikwa na moto masikioni.

"Nataka kuta nne za kuonyeshea video. Mtu akiingia katikati, ajione yuko ndani ya nyumba ya watu."

"Na hiyo nyumba iko wapi?"

"Bado naitafuta. Na mwenye nyumba pia."

Muone! Ulimi huo wenye sukari ndio uliomtoa fundi dukani ukamfikisha kwenye ndoa, na ndoa ikawapeleka nje ya mji, kwenye nyumba zinazofanana kama pakiti za maziwa: bati jekundu, geti jeusi, tangi la maji mgongoni. Wageni wao walikuwa wanamaliza kabisa chai ya jirani ndipo washtuke.

Bwana Picha, kama fundi alivyomwita mumewe, akaanza kurekodi. Mke anasugua sufuria, kamera. Mke anakunja soksi, kamera.

"Mpenzi, chakula kinapoa."

"Endelea tu, malaika. Mwanga wa dirishani umekaa vizuri."

Siku ya maonyesho fundi alivaa gauni la zambarau na viatu vinavyobana. Ukumbini, vitambaa alivyoshona mwenyewe vilining'inia pande zote nne, vimejaa jiko lake, sebule yake, na yeye mwenyewe, mkubwa kama ghorofa, akila peke yake mbele ya sahani mbili. Watu walikatiza sebuleni kwake bila kuvua viatu. Mama mmoja akamnong'oneza mwenzake:

"Maskini, mjane mdogo hivyo! Na bado anampakulia marehemu."

Fundi akasubiri kuumia. Hakuumia. Moyo ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, ila si wako. Akatoka, akaenda kwa dada yake.

Simu ikaita.

"Malaika, umekimbilia wapi? Watu wameipenda kazi!"

"Nimesikia. Wamenipa na pole."

"Pole ya nini?"

"Ya kufiwa nawe."

Fundi akakata, akaendelea kumenya viazi vya dada yake.

Maonyesho yalipoisha, akaenda kuchukua vitambaa vyake. Video ilikuwa bado inazunguka. Bwana Picha alikuwa peke yake, amekaa sakafuni mbele ya ile meza ya kwenye kitambaa, palepale penye sahani ya pili.

"Nimejaribu kula," alisema. "Hakishikiki."

"Kilikuwa kinashikika. Nyanyuka, shika pembe."

Kitambaa kirefu hakikunjwi na mtu mmoja. Wakavuta, wakakunja, wakasogeleana mpaka vidole vikagusana, wakaachana, wakashusha kingine. Fundi alivisikiliza vidole vyake. Ganzi tu. Kwenye kitambaa cha mwisho, labda joto kidogo. Labda ni ile taa ya projekta.

"Naweza kurudi nyumbani, mke wangu?"

"Na kamera?"

"Inabaki hapa."

"Usinichezee."

"Nipekue mifuko."

Fundi hakucheka, ingawa shavu moja lilitaka.

"Leo unapakua wewe," alisema. "Mimi nakaa nakutazama."

Kisha akambebesha mzigo wote wa vitambaa kwa mikono yote miwili, ili isipate nafasi ya kushika kitu kingine.