Ukuta wa Kuelekea Yerusalemu

Kila Jumapili asubuhi Judit Salomon aliendesha baiskeli hadi kwenye ghala la zamani la nyavu, karibu na bandari. Jumuiya ndogo ya Wayahudi wa mji ule wa pwani ya Uswidi ilikuwa imelinunua ili liwe sinagogi. Kuta zilinukia rangi mpya, na chini ya rangi, samaki.

Jumapili hiyo Mwalimu Bella aliingia na picha kifuani. Ilikuwa karatasi iliyokatwakatwa kwa mkasi ikawa simba wawili na mzabibu, katika fremu nyeusi. Judit aliitambua mara moja. Ilikuwa mali ya ukoo wao, na bibi yake, Ester, ndiye aliyeitoa kwa sinagogi.

"Mama yake Bibi Ester alitoka nayo mji wa Vilna, ameificha ndani ya mto wa kulalia," Mwalimu alisema. "Kila nyumba aliyohamia, aliitundika kabla hajafungua sanduku la nguo. Kwa nini?"

"Ili kuficha ufa ukutani," alijibu Natan, binamu yake Judit. Darasa zima likacheka.

Mwalimu naye alicheka. "Aliitundika kwenye ukuta wa kuelekea Yerusalemu, ili ajue ageukie wapi akisali. Wazee wetu walifukuzwa huku na huko, wakazungumza kila lugha. Lakini saa ya sala, aliyekuwa Yemeni aligeukia kaskazini na aliyekuwa Vilna aligeukia kusini, wote wakitazama mji mmoja, katika nchi walikotoka. Sasa ni zamu yetu. Jumatano Fundi Henning analikaza kabati la Torati kwenye ukuta wa kuelekea Yerusalemu, na likishakazwa halitoki. Nani atatupimia ukuta?"

Judit alisimama kabla ya wengine. "Mimi, Mwalimu. Picha ni yetu."

"Vizuri. Chukua dira na ramani. Na siku ya Shavuoti, sikukuu ya kupewa Torati, aliyepima ndiye atakayefungua pazia la kabati."

Kesho yake Judit aliamka alfajiri, akaenda ghalani peke yake. Jua lilipochomoza, miale yake ilipenya kwenye dirisha dogo la ukuta mmoja. Judit akatabasamu. Jua hutoka mashariki, na Yerusalemu iko mashariki, hata mtoto wa chekechea anajua! Akachora alama ya chaki kwenye ukuta ule. Dira haikutoka mkobani.

"Umepima kwa dira na ramani?" Mwalimu alimuuliza jioni.

"Ndiyo, Mwalimu," Judit alisema, akiangalia viatu vyake.

Jumanne, wakati wa chakula cha jioni, Bibi Ester aliweka chini uma wake. "Hebu nionyeshe na mimi, mjukuu wangu, nikigeuze kiti changu."

Judit alitandaza ramani mezani kwa maringo, akaweka dira juu yake. Akapiga mstari kutoka mji wao hadi Yerusalemu. Mstari ulikwenda kusini-mashariki. Akaiangalia tena sindano. Dirisha la jikoni, linaloingiza jua la alfajiri kama lile dogo la ghalani, lilitazama kaskazini-mashariki! Ndipo alipokumbuka kwamba majira haya, huku kwao, jua hutokea karibu na kaskazini. Akaikunja ramani kabla Bibi hajaitazama vizuri.

Alimkimbilia Natan, aliyekuwa akisugua mashua ya baba yake.

"Nyamaza tu," Natan alisema. "Nani ataenda kupima tena? Mungu yuko kila mahali."

"Mungu yuko kila mahali. Yerusalemu iko mahali pamoja."

"Haya, nenda ukaseme! Shavuoti nzima nitaitwa binamu wa msichana aliyewageuza Wayahudi waelekee Ufini badala ya Yerusalemu. Na lile pazia lako, kwaheri."

Usiku Judit alijigeuza kitandani mpaka shuka likachomoka. Alimfikiria mama wa bibi yake, mgeni katika kila mji, ambaye hata siku moja hakubahatisha ukuta.

Jumatano asubuhi, kabla ya shule, aliendesha baiskeli kama anayefukuzwa. Alipofika, keekee ilikuwa ikinguruma.

"Simama, Fundi! Simama!"

Tundu la kwanza lilikuwa tayari ukutani. Fundi Henning alizima keekee. Mwalimu Bella na Babu Aron, mwenyekiti wa jumuiya, waligeuka.

"Siyo ukuta huu, huu unaelekea Ufini," Judit alisema huku akihema. "Sikupima. Niliangalia jua tu, halafu nikadanganya."

Babu Aron alishika ndevu zake. "Ala! Tumebakiza misumari tu tuwe majirani wa dubu wa Ufini!"

Mwalimu Bella hakucheka. "Kukosea ningekusamehe papo hapo, Judit. Lakini nilikuuliza, ukasema ndiyo."

"Hukukosea kunikasirikia, Mwalimu. Naomba nipime sasa, mbele yenu."

Alipima, akarudia, akamwomba Babu Aron naye asome dira. Ukuta wa kweli ulikuwa ule wenye rafu za vitabu. Baada ya shule, Judit alirudi kuvihamisha vitabu vyote. Mikono ilimuuma, lakini hakukaa. Natan alichungulia mlangoni, akasitasita, kisha akakunja mikono ya shati. "Wa Ufini, nipe hilo rundo zito," alisema. Lile tundu Judit aliliziba mwenyewe kwa plasta.

Siku ya Shavuoti ukumbi ulinukia keki ya jibini, na picha ya simba ilining'inia kando ya kabati. Bibi Ester ndiye aliyefungua pazia. Judit alikuwa katikati ya watu, plasta ingali kwenye kucha, naye hakununa.

Mwalimu Bella alimwinamia. "Wazee wetu walipokonywa nyumba na mashamba. Kilichobaki ni kujua nchi yao iko upande gani, nao walikirithisha kwa mdomo, mzazi kwa mtoto. Kama mmoja angedanganya, waliomfuata wangepotea wote bila kujua. Ndiyo maana nilikasirika. Na ndiyo maana leo, nikitaka kujua upande, nitakuuliza wewe."

Watu wakasimama kusali. Judit akageuka pamoja nao, bila kuitafuta picha.